Aliyeleta Amarebe Alilipa Faini Gani?

Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo darasani. Mada ilisema: "Yeyote atakayepatikana na kiumbe vamizi atozwe faini kubwa au afungwe." Nilipangwa upande wa kuunga mkono. Nilisema kwamba mazingira hayana wakili, kwamba adhabu ni lugha ambayo kila mtu anaielewa, na kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Tulipigiwa makofi, tukashinda. Leo naandika kuipinga hoja niliyoitetea mwenyewe, na wenzangu niliosimama nao siku ile wanisamehe.

Kilichonigeuza ni beseni la shangazi yangu.

Shangazi anaishi Bugesera, karibu na Ziwa Cyohoha. Nilipomtembelea wakati wa likizo nilikuta mbele ya nyumba yake beseni la maji, na juu ya maji yale mmea wenye majani manene yanayong'aa na ua la zambarau. Alikuwa ameutoa ziwani siku ya umuganda, wakazi walipoingia majini kung'oa magugu maji, ambayo sisi huyaita amarebe. Wenzake waliyarundika ufukweni yakauke. Yeye alichukua shina moja kwa sababu ya ua lake. Mimi, mshindi wa mdahalo, nikamwambia kwa kujisifu: "Shangazi, kwa hoja iliyoshinda darasani kwetu, wewe ungekuwa gerezani."

Alicheka kwanza. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, majani haya nimeyakuta. Miaka yote hii tunayang'oa na yanarudi. Aliyeyaleta alilipa faini gani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Kigali nikasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba swali la shangazi lina uzito kuliko hotuba yangu nzima.

Nieleze msimamo wangu mapema ili nisieleweke vibaya. Sisemi viumbe vamizi si hatari. Sisemi sheria isiwepo. Nasema kwamba anayeingiza kiumbe vamizi nchini au kukiachilia majini na mashambani huku akijua, aadhibiwe, na aadhibiwe zaidi akiwa na cheo au mtaji. Lakini adhabu ya kumiliki tu, isiyouliza kama mtu alijua alichonacho, alikipata wapi na anataka kukifanyia nini, humnasa aliye karibu na ziwa na kumwacha aliye mbali nalo.

Tuanze na maana. Mgeni na mvamizi ni vitu viwili. Maharage, mahindi, mihogo na viazi vitamu vyote asili yake ni Amerika, na hakuna Mnyarwanda anayevihesabu kuwa maadui. Spishi vamizi ni ile ambayo, ikishafika mahali pasipo na wadudu, magonjwa au wanyama wa kuipunguza, huongezeka bila breki mpaka inadhuru viumbe wenyeji, riziki za watu au afya zao. Gugu maji ni mfano unaojulikana kuliko yote. Katika maji yenye joto na rutuba linaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, na mbegu zake huweza kukaa katika tope miaka 20 zikasubiri. Chini ya zulia lake mwanga haupenyi, hewa ya oksijeni hupungua, samaki hukosa pa kuzalia, mitumbwi hukwama.

Sasa tujibu swali la shangazi: nani aliyaleta? Maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba gugu hili, ambalo kwao ni Amerika Kusini, lilifikishwa Rwanda na Wabelgiji wakati wa ukoloni, kwa ajili ya kupamba mabwawa na bustani. Kutoka hapo lilishuka na mito yetu hadi Akagera, na Akagera ikalimimina katika Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana ziwani humo. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika takriban hekta 20,000 za ziwa. Wavuvi wa Kisumu, Mwanza na Uganda walilipia pambo la bustani ambazo hawakuwahi kukanyaga. Mchuma janga hula na wa kwao, wahenga walisema. Hapa mchumaji alikwenda zake, wakabaki kula wasiochuma.

Na gugu maji haliko peke yake. Sangara aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa nia ya kukuza uvuvi. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kupita kiasi, na wanasayansi wanakadiria kwamba aina zipatazo 200 za furu, samaki wadogo wasiopatikana kwingine duniani, zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Kunguru wa India waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka za mji. Leo hula mayai na makinda ya ndege wenyeji na kusumbua watu pwani nzima. Kamba wa maji baridi kutoka Marekani aliwekwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya biashara. Ukitazama orodha hii utaona jambo moja. Waliofungua mlango hawakuwa akina shangazi. Walikuwa maofisa, wataalamu, wafanyabiashara na watawala, na wengi walikuwa na barua yenye mhuri.

Mtu atasema: hayo ni ya zamani, hapakuwa na sheria. Hapana. Sheria ya kumiliki tuliyoishangilia darasani si wazo jipya hata kidogo. Gugu maji lilionekana katika Mto Kongo mwaka 1952. Katikati ya muongo uleule, utawala wa Kibelgiji huko ulipiga marufuku kulimiliki, kulilima, kuliuza na kulisafirisha. Sheria ilikuwa kali na ilikuwa wazi. Lakini gugu linaelea. Halibebwi na mtu, linabebwa na mkondo. Lilikuwa limekwisha kuenea mamia ya kilomita, likapuliziwa dawa za kuua magugu, na hadi leo lipo. Marufuku ya kumiliki ilikuja baada ya mmea kutoroka. Ilimlinda nani wakati huo?

Hatari kubwa zaidi ya adhabu ya namna hii tunaiona Baringo, Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti uitwao mathenge ulipandwa huko katika mradi wa serikali uliosaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa njema: kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Mti ukatoroka. Ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuishtaki serikali, na wakamfikisha mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Magazeti yalicheka. Mimi naona kuwa yule mbuzi aliuliza swali lilelile la shangazi.

Kilichofuata ndicho kinachonitia wasiwasi. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa kuwa gugu haribifu chini ya sheria ya magugu ya tangu enzi za ukoloni. Sheria hiyo inamtwika wajibu wa kung'oa gugu yule mwenye ardhi au anayeitumia. Kwa maneno mengine, mfugaji ambaye hakuuomba mti, hakuupanda, na ambaye mbuzi wake amepoteza meno, ndiye sheria inayemtazama kwanza. Hivi ndivyo adhabu ya kumiliki inavyofanya kazi popote. Haiulizi kitu kimetoka wapi. Inauliza tu kiko kwa nani.

Wenzangu wa upande wa mdahalo watanijibu kwa hoja mbili nzito, na ni haki nizijibu.

Hoja ya kwanza: nia ni vigumu kuithibitisha. Kila mtu atasema "sikujua". Tukidai ushahidi wa kujua, hakuna atakayepatikana na hatia. Hoja hii ina ukweli. Lakini ujuzi si kitu kinachoanguka kutoka mbinguni. Dola inaweza kuutengeneza. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, katika kifungu cha 93, humtia hatiani anayeingiza spishi vamizi katika eneo la hifadhi "kwa kujua". Ili neno hilo lifanye kazi, watu lazima wajulishwe. Umoja wa Ulaya ulipotunga kanuni zake mwaka 2014 uliamua kwamba makatazo yatahusu spishi zilizo katika orodha iliyotangazwa. Orodha ya kwanza ilitoka mwaka 2016 ikiwa na spishi 37, gugu maji likiwemo. Aliyekuwa na mnyama wa kufugwa nyumbani kabla ya spishi yake kuingizwa katika orodha aliruhusiwa kubaki naye mpaka afe, mradi asimzalishe wala kumwacha atoroke. New Zealand ni wakali kuliko wengi: ukipita uwanja wa ndege na tunda ambalo hukulitaja katika fomu, unatozwa dola 400 za nchi hiyo papo hapo. Lakini kabla ya kufika kwa ofisa umepita mabango na mapipa yanayokuambia: tupa sasa, au sema sasa. Faini ni ya yule aliyepewa nafasi akaikataa.

Tena hatuna haja ya kusafiri mbali kujifunza hili. Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kwa nini tuliitii? Si kwa sababu ya faini peke yake. Mfuko wa plastiki ni kitu ambacho hata mtoto anakitambua. Redio ilisema, mwenyekiti wa umudugudu alisema, abiria katika basi huambizana kabla ya kufika mpakani. Linganisha na viumbe vamizi. Tunayo sheria ya mazingira ya mwaka 2018 na sheria ya bioanuwai ya mwaka 2021. Waulize wenzako wa bwenini wakutajie spishi tatu vamizi kwa majina. Mimi nimewauliza wa chumbani kwangu, na aliyekaribia alitaja mbu. Katika mpaka mmoja nimeona kwa macho yangu mfuko wa plastiki ukichukuliwa, na miche iliyokuwa ndani yake ikarudishwa kwa mwenyewe ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Hakuna aliyeuliza ile ni miche ya nini. Simlaumu ofisa. Alifundishwa kuutambua mfuko, hakufundishwa kuutambua mmea.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi: isambaza. Kila aliyekula samaki Rubavu au Karongi anawajua. Wengi hawajui kwamba isambaza si wenyeji wa Ziwa Kivu. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kuwekwa Kivu mwaka 1959, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu sehemu ya kati ya ziwa haikuwa na samaki wa kula viumbe wadogo wanaoelea majini. Leo mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja hutoka jioni na taa zake, na maelfu ya watu pande zote mbili, Rwanda na Kongo, wanakula na kusomesha watoto kwa samaki hao. Je, kwa sheria kali tunayoitaka, aliyewaleta angefungwa? Na kama angefungwa, si tungekosa isambaza?

Jibu langu ni kwamba bahati si sera. Fikra iliyoleta isambaza ndiyo iliyoleta sangara: hapa pana nafasi tupu, tuweke samaki. Mara moja ilileta chakula kwa madhara madogo, mara ya pili ilileta chakula na kuangamiza mamia ya spishi. Huwezi kujua kabla kama hukuchunguza, na ndiyo maana uamuzi huo lazima uwe na kibali, uchunguzi wa wazi na jina la mtu anayewajibika. Hata kuachilia kiumbe kigeni kunaweza kuwa dawa. Fukusi waliopunguza gugu maji katika Ziwa Viktoria walitolewa Amerika Kusini, wakajaribiwa kwanza ili ijulikane kwamba hawatahamia kwenye mazao, kisha wakaachiliwa ziwani katika miaka ya 1990. Tofauti kati ya fukusi na sangara haiko katika ugeni wao. Iko katika maswali yaliyoulizwa kabla ya mlango kufunguliwa. Sheria iadhibu kuruka maswali hayo, na iwaadhibu kwanza wale wenye uwezo wa kuyauliza.

Kuna jambo jingine ambalo adhabu ya kumiliki hulificha. Amarebe hayaishi kwa maji matupu. Hushiba kwa udongo unaoporomoka milimani, mbolea inayosombwa na mvua na maji machafu ya miji. Simama darajani Nyabarongo wakati wa masika uone rangi ya mto. Ukimfunga mwanamke mwenye shina moja katika beseni, na ukamwacha anayemwaga uchafu mtoni, umemshtaki mgeni aliyekaribishwa mezani ukamsahau anayepika.

Na zaidi, adhabu hiyo inaweza kuua dawa yenyewe. Kuna watu kando ya Ziwa Viktoria wanaosuka vikapu na viti kwa mabua ya gugu maji yaliyokaushwa. Kuna wanaolitumia kutengeneza mboji. Siku ile ya umuganda wa Cyohoha wote walioingia majini walilishika, walilibeba, walilisafirisha hadi ufukweni. Sheria isiyotofautisha mmea hai na mmea mkavu, anayeeneza na anayeondoa, itawafanya watu waogope kuligusa. Na gugu lisiloguswa hushinda.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na nawaalika walimu wetu wayapinge kama wanaweza.

Kwanza, orodha. Hakuna mtu aadhibiwe kwa kuwa na kiumbe ambacho jina na picha yake havijabandikwa katika ofisi za sekta, masoko ya miche, maduka ya samaki wa mapambo na mipakani. Pili, muda wa kusalimisha. Anayejitokeza mwenyewe na kusema "ninacho hiki, nikifanyeje?" apewe maelekezo, asipewe faini. Tatu, ngazi za adhabu. Aliyeagiza kwa biashara bila kibali na aliyeachilia huku akijua wabebe adhabu nzito na gharama za kusafisha. Aliyekikuta shambani mwake asaidiwe kukiondoa. Nne, taasisi zisiwe na kinga. Mradi wa serikali, wa shirika au wa chuo ukitorosha kiumbe vamizi, uwajibike kama mtu yeyote, ili watu wa kesho wasilazimike kumpeleka mbuzi mahakamani.

Na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni letu. Sheria za Rwanda huchapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2017, nacho ndicho lugha ya dereva anayevuka Rusumo, ya mchuuzi wa Goma anayeingia Rubavu, ya muuza miche anayetoka Bukoba. Gugu halijui mpaka, na lugha ya kulionya nayo isiishie mpakani. Kama nchi yetu, iliyoridhia Mkataba wa Bioanuwai, imeahidi kuzuia spishi zinazotishia viumbe wenyeji, basi kuandaa majina ya spishi hizo kwa Kiswahili kinachoeleweka sokoni ni kazi ambayo idara yetu inaweza kuianza muhula huu, bila kusubiri bajeti ya mtu.

Nilirudi Bugesera mwezi uliopita. Safari hii sikuhubiri. Nilimweleza shangazi kwamba shina moja huzaa mashina mengine kwa vikonyo, kwamba mvua kubwa ikijaza beseni na maji yakatiririka hadi mfereji, mfereji unaelekea bondeni na bonde linaelekea ziwani. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, akainuka. Aliutoa mmea, akautandaza juu ya bati juani mbali na maji, akaniambia niangalie usiguswe na kuku. Hakutozwa hata faranga moja. Alichopewa ni maelezo ya dakika ishirini, ambayo hakuna aliyekuwa amempa katika miaka yake yote kando ya ziwa lile.

Najua si kila mtu ni shangazi yangu. Yupo mfanyabiashara ambaye ataelezwa mara kumi na bado ataingiza samaki au mmea kwa sababu unauzika. Huyo ndiye faini inayemngoja, na iwe kubwa. Lakini sheria inayotaka heshima ya watu wa Cyohoha lazima kwanza iweze kuwatazama usoni na kujibu swali lao. Mdahalo urudiwe. Safari hii niwekeni upande wa pili.